Sauti Yenye Nyota Tatu

Inspekta alikaa ndani ya chumba cha sauti saa nzima, feni imezimwa, kitambaa kimesokotwa chini ya mlango, na hakufa.

Alitoka ameloa jasho, koo limemkauka. Basi, hakuna zaidi. Kichwa hakikumuuma wala miguu haikumlegea. Aliketi kwenye kiti cha kwanza alichokiona, akatazama saa ya mkononi, akaandika kwenye daftari: saa mbili na dakika kumi mpaka saa tatu na dakika kumi. Mtu mmoja, mzima, hana neno.

"Afande, umenitia presha," alisema Mkurugenzi, mwanamke aliyeanzisha ile karakana ya kutengeneza gemu za kompyuta. Saa nzima alikuwa amesimama nje, mkono kwenye komeo. "Nilikuwa nahesabu dakika."

"Na mimi nilikuwa nahesabu pumzi. Zilinitosha."

Hilo ndilo lililokuwa likimkera tangu Jumamosi. Jalada la kesi lilikuwa limeshaandikwa nusu kabla hajalipokea. Ijumaa, mtu ambaye kila mmoja pale kazini alimwita Fundi Sauti alikutwa amekufa ndani ya kile chumba kidogo, hatua nne kwa tatu, kuta zimevikwa sponji nene. Polisi wa zamu walikuta feni ya kuingizia hewa imezimwa kwa mkono, kitambaa kimezibia uwazi wa chini ya mlango, na blanketi limetundikwa kwenye dirisha la kioo ili mtu wa nje asione ndani. Wakaandika: amejiua kwa kujinyima hewa. Macho waliyatumia vizuri, midomo ndiyo hawakuitumia. Sasa ilikuwa Jumanne, na Mkuu wa upelelezi alitaka jalada mezani kwake saa kumi alasiri, limetiwa saini, watu waendelee na mambo mengine.

Kama lingekuwa jambo la Mkuu peke yake, Inspekta asingejali. Lakini Jumamosi alikwenda nyumbani kwa mjane kumwomba afike mochwari kumtambua mumewe. Mjane alimsikiliza mpaka mwisho, macho makavu, mtoto wa miaka mitano kamlalia mapajani.

"Aliyeamua kutuacha bila hata kuaga," alisema, "nimfuate huko nikamwambie nini?"

Hakwenda. Kaka yake ndiye aliyekwenda kumtambua. Inspekta alirudi zake huku sentensi ile imemkaa kifuani. Neno moja likitiwa saini leo alasiri, mama yule angelibeba maisha yake yote, na mtoto angelirithi.

"Niambie habari za feni," alimwambia Mkurugenzi.

"Feni huzimwa kila tunaporekodi. Zile maikrofoni zinasikia mpaka tumbo lako likinguruma. Taa nyekundu ya mlangoni ikiwaka tu, feni inazimwa."

"Kitambaa?"

"Kinazuia kelele za korido."

"Na blanketi?"

"Kioo kinarudisha sauti. Fundi alikuwa analitundika mwenyewe, kila siku ya kazi." Uso wa Mkurugenzi ukabadilika. "Hivi ndivyo vitu walivyosema ni dalili za kujiua?"

"Ndivyo."

"Afande, hiyo ni kazi tu. Mtu akiingia humo kurekodi bila kufanya hayo matatu, mimi ningemfokea."

"Mbona hukuyasema Ijumaa?"

"Nilikuwa kwa daktari wa meno tangu asubuhi. Nimefika hapa saa nane, mdomo umekufa ganzi, hata jina langu siwezi kulitamka. Nikaambiwa Miwani keshatoa maelezo."

Miwani ndiye mtu wa programu, anayeunganisha picha, sauti na mwendo mpaka vikawa gemu moja. Miwani yake minene ndiyo iliyompa jina. Vilevile ndiye kaka wa mjane, kwa hiyo yeye na marehemu walikuwa mtu na shemeji yake. Inspekta alifungua maelezo yake ya Ijumaa. Ukurasa mmoja. *Nilitoka saa nne kwenda kununua chaja. Nilirudi saa tano na robo, nikamkuta amelala chini.* Habari za feni, kitambaa na blanketi, kimya. Mtu aliyefanya kazi kwenye chumba kile miaka mitatu aliwaacha polisi wakosee, akawashikia mlango wakitoka.

Lakini Inspekta hakuwa mtu wa kukimbilia jibu la kwanza. Alifunga jalada.

"Alhamisi mligombana, wewe na marehemu."

Mkurugenzi alimgeukia. "Nani kakwambia?"

"Simu yake. Ulimwandikia: *kama umeshindwa kazi sema, niachie chumba.*"

"Niliandika." Hakujitetea. "Gemu ilitakiwa itoke mwezi uliopita. Kila kitu tayari, yeye ndiye anatukwamisha. Aliniambia dinosaria wake wanalia kama mbuzi wenye mafua, na yeye hatoi gemu yenye mbuzi. Nikapandwa na hasira. Akacheka, akasema nisubiri, Ijumaa anakuja na dawa."

"Dawa gani?"

"Hakusema. Alikuwa hasemi mpaka kifanye kazi."

Inspekta alipiga simu kwa daktari wa meno hapo hapo, mbele yake, bila kuona haya. Muuguzi alithibitisha: mgonjwa aliingia saa mbili na nusu, akatoka saa saba na nusu, na alilia sana kwenye sindano. Mkurugenzi alitazama dirishani mpaka simu ikakatwa. Inspekta akapiga mstari kwenye jina lake.

Alizunguka karakana. Ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo: vyumba vinne, korido moja, jiko la kujibana na choo. Kutani walibandika michoro ya wale mijusi wakubwa wa kale, wamechorwa kutoka kila upande, meno yamepimwa kwa rula. Chooni alimkuta mama wa usafi amesimama mbele ya sinki, mikono kiunoni.

"Binti yangu, wewe si polisi? Hebu nitazamie hili."

Ufa mweusi ulianzia kwenye tundu la maji ukapanda mpaka ukingoni.

"Alhamisi nililisugua mwenyewe, zima. Jumamosi nalikuta hivi. Nitaambiwa ni mimi."

"Labda mtu alimwaga maji ya moto."

"Ya moto ya wapi? Birika limekufa mwezi sasa. Na vijiko vyangu vinne vya jikoni unajua nilivikuta wapi? Chumba cha sauti, juu ya lile sinia la kuokea keki. Mtu mmoja ale na vijiko vinne, na chakula chenyewe hakipo."

Inspekta aliandika *vijiko vinne, sinia*. Orodha ya polisi wa zamu ilikuwa imeviita vyombo vya kulia.

"Ijumaa ulikuwepo?"

"Nilikuwa natoka. Saa tatu na nusu hivi nikapishana ngazini na mwenye pikipiki kabeba boksi jeupe, kama yale ya chanjo, linafuka moshi. Nikamwambia wewe, unataka kutuunguza? Akasema hapana mama, ni barafu hii."

"Boksi hilo liko wapi?"

Mama wa usafi alikuna shingo. "Si niliambiwa vya jalalani havina mwenyewe? Ninalo stoo. Nilisema litanifaa kuwekea sabuni."

Lililetwa. Lilikuwa jepesi, kuta zake nene kama kiganja, tupu na kavu kabisa ndani. Pembeni kulikuwa na karatasi ya kiwanda, mtu kajaribu kuibandua kwa kucha akaishia njiani. Kilichobaki kilisomeka: *Barafu kavu. Kilo kumi. Usishike kwa mkono mtupu. Usifungue mahali pasipopitisha hewa.*

Alimpigia daktari wa maiti.

"Yale malengelenge ya vidoleni uliyoandika. Ni ya moto?"

"Nilidhani hivyo. Ila baridi kali nayo huunguza vilevile."

"Barafu kavu?"

"Alikuwa nayo mle ndani?"

"Kilo kumi, au kilichobaki baada ya kuitumia."

"Inspekta, ile haiyeyuki ikawa maji. Inageuka hewa, tena hewa nzito, haifai kuvutwa. Inatulia chini na kupanda taratibu. Chumba kikizibwa, mtu hana saa, ana dakika. Na akikaa sakafuni, ndiyo kwanza anaifuata ilipo. Miguu inaisha nguvu kabla hajajua anaumwa nini." Daktari akashusha pumzi. "Ungenitajia hilo Ijumaa nisingeandika nilichoandika."

"Ijumaa hakuna aliyelijua," alisema Inspekta, kisha akajisahihisha. "Isipokuwa mmoja."

Barafu ilipasua sinki. Maiti haitembei mpaka chooni kumwaga barafu, wala haipeleki boksi jalalani ikabandua karatasi kwa kucha.

Alirudi kwa Mkurugenzi na vijiko vinne mkononi. "Mnarekodi vipi? Nionyeshe, usiniambie."

Mkurugenzi alimketisha mbele ya kompyuta iliyokuwa nje ya chumba cha sauti, chini ya taa nyekundu. Ndani, alieleza, kuna maikrofoni tu, hakuna hata kitufe. Anayeanzisha kurekodi ni mtu wa nje, amevaa hedifoni. Anayesimamisha ni huyo huyo. Taa ikiwaka, hakuna anayefungua mlango, hata aje nani. Sauti ikiisha, wa nje anaipa nyota: moja ya kutupwa, mbili ya akiba, tatu ndiyo yenyewe.

"Fungua za Ijumaa."

Orodha ilishuka kwenye skrini. *Kilio cha jike, kwanza. Kilio cha jike, pili.* Zilikuwa tisa, kuanzia saa nne kasoro robo. Mkurugenzi akabonyeza ya tano.

Sauti iliyotoka ilimsimamisha Inspekta nywele za shingoni. Ilikuwa nyembamba, ndefu, inatetemeka kama kitu kikubwa kinachoumia na chenye njaa kwa wakati mmoja.

"Ni chuma," alisema Inspekta. "Ukikandamiza kijiko kwenye barafu kavu, kinapiga kelele. Ndiyo dawa yake hiyo."

Mkurugenzi alifunika mdomo kwa viganja. Machozi yalimlengalenga. "Kumbe alipata," alisema. "Alipata kweli."

"Hii ya mwisho ni nini?"

Ilikuwa peke yake chini ya orodha. Ilianza saa nne na dakika arobaini, ikaisha saa nne na dakika hamsini na nne. Ilikuwa na nyota tatu.

"Mhandisi," Mkurugenzi alisoma. "Kuna mahali kwenye gemu mhandisi mmoja amefungiwa chumbani, bomba la hewa limepasuka. Yule unayemchezesha anamsikia kupitia mlangoni. Fundi alitaka aifanye mwenyewe."

"Dakika kumi na nne. Kisha mtu akaisimamisha, akaipa nyota."

Mkurugenzi alielewa. Akaondoa mkono kwenye kompyuta.

"Umeisikiliza?" Inspekta alimwuliza.

"Hapana. Tangu Ijumaa hakuna aliyekaa kwenye kompyuta hizi. Ila itakuwa imeshaingia kwenye gemu. Chochote chenye nyota tatu, mashine inakichukua yenyewe ikitengeneza toleo jipya la kila Jumatatu. Miwani ndiye aliyeipanga hivyo, ili asisumbuke kuhamisha moja moja."

"Usinifungulie hapa. Nipe karatasi ya maneno ya mhandisi, halafu nipigie Miwani simu. Mwambie polisi anataka kuonyeshwa gemu. Usiseme kingine."

Miwani alifika saa saba na nusu. Alikuwa ametokea msibani, nyumbani kwa dada yake, ambako ndiye aliyekuwa akipokea wageni na kulala sebuleni tangu Ijumaa. Shati lilikuwa la jana yake. Alimsalimia Inspekta kwa heshima, akawasha kompyuta, akaunganisha spika kubwa kwa kuwa Inspekta alikataa hedifoni.

"Inaitwa *Kituo cha Chini*, afande. Wanasayansi wamechimba kituo ardhini, wakafungua njia ya kurudi zamani sana. Wakapita wale." Alionyesha ukutani kwa kidevu. "Wewe ni muuguzi. Umebaki peke yako. Huna silaha ya maana, unajificha tu. Wanawinda kwa masikio. Ukibonyeza hapa unabana pumzi. Ukizibana sana, unahema kwa nguvu, wanakusikia."

Inspekta hakuwahi kushika gemu maishani. Alimwongoza muuguzi wake akagonga ukuta, akageuka, akagonga mwingine. Mara ya kwanza aliliwa kabla ya kutoka chumba cha kwanza. Mara ya pili alifika kwenye ngazi. Kitu kilipita kwenye giza nyuma ya mabomba, mkia ukafagia sakafu, na kile kilio cha kijiko kikaujaza ukumbi.

"Hii ni mpya," alisema Miwani, polepole. "Hii hatukuwa nayo."

"Toleo la jana," alisema Inspekta. "Ulisema nibonyeze wapi?"

Miwani alionyesha kitufe kwa kidole. Inspekta aliendelea. Mara ya nne alivuka ngazi, akabana pumzi, akapita pembeni ya jike aliyelala, akatokea kwenye korido ndefu yenye taa inayozimika na kuwaka. Mwisho wa korido kulikuwa na mlango wa chuma.

"Inatosha, afande," Miwani alisema, na mkono wake ukaenda kwenye swichi ya spika. "Mbele ni vilevile tu."

Inspekta aliushika mkono ule kwenye kiwiko, si kwa nguvu, akauweka juu ya meza. Kwa mkono mwingine alimsogeza muuguzi mpaka mlangoni.

Mtu aligonga kutoka ndani. Aligonga tena. Ikaja sauti ya kiume, nzito, ya mtu mzima anayejikaza.

*Kuna mtu huko? Bomba limepasuka. Usiufungue, watakusikia. Nenda. Nenda tu.*

Inspekta alifuata kwenye karatasi kwa kidole. Neno kwa neno. Alibonyeza kitufe cha kufungulia milango. Mlango haukutii. Akabonyeza tena.

"Haufunguki," alisema Miwani. "Tuliuandika usifunguke."

Ndani ya mlango mtu alikuwa anahema. Mwanzoni kulikuwa kuhema kwa mwigizaji, kwenye mpangilio. Kisha mpangilio ukapotea. Kikohozi kikaja mahali pasipostahili, kiganja kikateleza kwenye mbao, ingawa mlango wa kwenye skrini ulikuwa wa chuma. Karatasi ya Inspekta ilikuwa imeishiwa maneno. Sauti haikuwa imeishiwa.

*Shemeji,* ilisema. *Shemeji, fungua. Sioni vizuri. Shemeji.*

Miwani alikuwa ametoa macho kwenye skrini. Sauti ilisema hivyo mara tatu, kila mara chini zaidi. Halafu ukasikika uzito unaoteleza kando ya mbao ukatua sakafuni, na pumzi fupi fupi ambazo Inspekta alijilazimisha kuzihesabu mpaka zilipokoma. Muuguzi wa kwenye gemu alikuwa bado amesimama mbele ya mlango. Nyuma yake kitu kilimsikia, kikaja, kikamla, na hakuna aliyekitazama.

Inspekta alizima kompyuta mwenyewe.

"Mhandisi hana shemeji," alisema. "Nimesoma karatasi yote."

Miwani alivua miwani yake. Uso ulibaki mtupu, kama wa mtu aliyeamshwa ghafla. Alilia kwanza, na Inspekta alimwacha alie, maana maelezo ya mtu anayelia hayaandikiki.

"Nilidhani ananitania," alisema hatimaye. "Afande, yule mtu alikuwa na utani. Mimi na yeye ni mashemeji, kutwa kunichokoza. Katikati ya kurekodi alikuwa ananitaja ili nicheke niharibu. Nikajiziba mdomo hivi nisicheke. Nikasema leo kaweza, leo ameigiza mpaka basi. Nimefumba macho nasikiliza. Hata kikohozi nilikisifu."

"Barafu?"

"Kwenye vilio tulikuwa tunafungua mlango kila kimoja kikiisha. Tulipomaliza nusu boksi ilibaki. Alisema tusipoteze muda, tupige na ya mhandisi hapo hapo, feni imeshazimwa, blanketi limeshawekwa. Boksi likabaki humo miguuni pake. Nikafunga mlango kwa komeo la nje, kama kawaida. Sisi tulijua inaunguza mkono. Kwamba moshi wake unaua, wallahi hatukujua."

"Karatasi ilikuwa pale kwenye boksi."

"Hatukuisoma." Alipangusa pua kwa nyuma ya mkono. "Kimya kilipozidi nikasimamisha. Nikaipa nyota tatu. Nikaenda kufungua nimpe tano. Komeo lilikuwa gumu, yeye ndiye aliyekuwa ameuegemea mlango. Akaniangukia miguuni. Nikahisi baridi kwenye vifundo. Nikamkandamiza kifua mpaka nikachoka. Halafu nikakumbuka kwamba nimemsikia. Nimesikia yote, mwanzo mpaka mwisho, na mlango nilikuwa naufikia kwa mkono bila kuinuka."

"Ukamwaga barafu."

"Nikamwaga. Nikapeleka boksi chini. Nikazunguka mtaani, nikanunua chaja nisiyoihitaji, nikarudi. Nilitaka niseme ilikuwa bahati mbaya, sijui moyo, sijui nini. Polisi walipoingia wakaona kitambaa, wakasema wenyewe: huyu kajiua. Mimi nikanyamaza tu."

"Kumsikia bila kujua si kosa la kuandikwa na mimi," alisema Inspekta. Alisema kwa upole, na alimaanisha. "Kumwaga barafu, kuficha boksi na kunidanganya kwenye maelezo ni makosa, na yote nitayaandika. Lakini kuna linalotangulia. Dada yako nilimwita saa tisa aje achukue vitu vya mumewe. Yuko pale mapokezi. Utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"

Miwani alivaa tena miwani yake.

"Mimi," alisema.

Mjane aliingia amebeba mfuko wa plastiki wenye viatu vya mumewe, koti na kikombe chake cha chai. Alimwona kaka yake, akamwona Inspekta, akaketi bila kuambiwa. Miwani alipiga magoti mbele yake, akasema yote. Hakuruka kitu. Alipofika kwenye nyota sauti ilimkatika, akaanza upya sentensi hiyo mpaka akaimaliza. Inspekta alisimama dirishani na jalada mkononi, hakuingilia.

Mjane hakupiga kelele. Mikono yake ilikuwa inakunja na kukunjua mdomo wa ule mfuko.

"Aligonga?" aliuliza.

"Aligonga."

"Alitaka kutoka."

"Alitaka kutoka, dada. Aliniita."

Aliinamisha kichwa, na machozi ambayo tangu Ijumaa hakuna aliyeyaona yalishuka yote kwa pamoja, yakalowesha mfuko. Alilia mpaka mabega yakatulia yenyewe. Kisha akainua uso akamtazama kaka yake, na Inspekta, aliyewahi kuona watu wakitazamana mahakamani kwa miaka ishirini na moja, akageukia dirisha.

"Siku nne umelala sebuleni kwangu," mjane alisema. "Kila siku ulikuwa unanisikia namtukana. Namwita msaliti mbele ya mtoto wake. Wewe uko nyuma ya pazia, unanisikia."

"Nilikuwa nakusikia," alisema Miwani.

"Na ukanyamaza."

Miwani alinyoosha mkono amshike goti, akaurudisha kabla haujafika.

Inspekta alikaa mezani, akakata neno *amejiua* kwa mstari mmoja ulionyooka, juu yake akaandika *ajali kazini*, akatia saini na saa. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Akamgeuzia mjane karatasi ili aisome mwenyewe. Mjane aliisoma polepole, akapitisha kidole juu ya yale maneno mawili, kisha akasimama na mfuko wake.

Miwani naye akasimama ili amfuate.

"Wewe baki," mjane alimwambia, bila ukali, kisha akamgeukia Inspekta. "Dada, mochwari wanafunga saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Nipeleke basi. Nikamwombe radhi mume wangu."